Katiba ya meza ya Ijumaa

Ndugu msikilizaji, kuna katiba moja hapa Dar es Salaam ambayo haikupitishwa na Bunge, haikutiwa saini na Rais, wala haikuchapishwa katika Gazeti la Serikali. Imeandikwa kwa wino wa bluu nyuma ya kalenda iliyokwisha muda wake, na inatunzwa na dada wa kaunta katika baa moja ya Kinondoni, pamoja na daftari la madeni. Hiyo ndiyo katiba ya chama chetu cha meza ya Ijumaa. Chama kina wanachama wanane, nami ni mmojawapo. Hakina usajili, hakina ofisi, na mali yake yote ni kifungua chupa kimoja kilichofungwa kamba kwenye mguu wa meza ili kisitembee.

Leo nataka nikuelezee kanuni za chama hicho. Kwanza ucheke kidogo, maana wiki imekuwa ndefu. Pili, ni kwa sababu moja kati ya kanuni hizo nusura itutolee mtu roho, na nadhani kanuni hiyo hiyo iko kwenye meza nyingi za mji huu bila kuandikwa popote.

Kanuni ya kwanza inahusu kuwahi. Mwanachama atakayewahi kufika haruhusiwi kumwambia mhudumu "andika kwenye bili ya meza". Meza haihesabiwi kuwa meza mpaka waketi watu watatu. Kanuni hii ilitungwa kwa heshima ya bwana mmoja aliyekuwa akifika saa 11 jioni. Sisi tukiingia saa 1 usiku tunakuta meza inadaiwa mishikaki sita ambayo hata vijiti vyake hatukuviona.

Kanuni ya pili: mhudumu anaitwa dada au kaka. Hapigiwi mluzi, hapigiwi makofi, hagongewi chupa mezani kama kengele ya shule. Atakayevunja kanuni hii atamnunulia mhudumu soda na kuomba radhi akiwa amesimama.

Kanuni ya tatu: chupa tupu haziondoki mezani mpaka bili ilipwe. Chupa ndiyo shahidi wetu. Binadamu akishafika chupa ya tatu hesabu yake hupungua, lakini ya bili huongezeka. Chupa haiwezi kuhongwa, wala haiwezi kusahau.

Kanuni ya nne: mjadala wa Simba na Yanga unaruhusiwa mpaka chupa ya pili tu. Baada ya hapo hajapata kuonekana mtu aliyebadili timu, kwa hiyo maneno yote ni upotevu wa sauti.

Kanuni ya tano ndiyo inayopendwa kuliko zote. Mwanachama atakayeanza kusema Kiingereza bila kuwepo mgeni mezani ahesabiwe kuwa amelewa, aagiziwe supu, na asipewe tena kinywaji. Msikilizaji, usicheke sana. Kipimo hiki tumekitumia kwa miaka kadhaa na hakijatudanganya hata mara moja.

Kanuni ya sita: ahadi yoyote itakayotolewa baada ya chupa ya nne ni batili ifikapo Jumatatu. Tulikuwa na mwenzetu ambaye Ijumaa moja aligawa viwanja vitatu vya Kibaha, na yeye mwenyewe alikuwa amepanga chumba Magomeni.

Kanuni ya saba: simu ya mke ipokelewe mezani, mbele ya wote, na wote wanyamaze. Ni marufuku kusema "niko kwenye kikao", hata kama kwa kweli kuna mwenyekiti, katibu na mhazini.

Kanuni ya nane: mtandao wa simu hauruhusiwi kukatika bili inapoletwa. Tumegundua kwamba kuna wenzetu ambao fedha zao hupatikana kwa simu mchana kutwa, lakini usiku dada akishaweka kile kikaratasi mezani, mtandao unasumbua.

Kanuni ya kumi, maana ya tisa nitairudia baadaye, inasema kwamba mwanachama akifiwa, kila mmoja atatoa mchango, tutakwenda msibani wote, na siku hiyo chama kinakunywa chai.

Sasa, mtu anaweza kuuliza: watu wazima na kazi zao, wengine wana wajukuu, wanaandikaje upuuzi wa namna hii? Jibu ni kwamba ukizitazama vizuri kanuni hizi utakuta nyuma ya kila moja kuna ugomvi uliowahi kutokea. Ya kwanza ni ugomvi wa fedha. Ya pili ni siku dada alipolia. Ya sita ni mtu aliyekwenda kweli Kibaha kukagua kiwanja chake. Pombe hulegeza ulimi na mkono, na watu wanaokunywa pamoja kila wiki lazima watafute namna ya kulindana wao kwa wao. Kucheka ndiyo njia rahisi. Mtu mzima hukubali kutozwa soda kwa mzaha, lakini ukimkaripia ataondoka na asirudi.

Wala hatukuwa wa kwanza. Nenda mlimani Kilimanjaro. Mbege, pombe ya ndizi na ulezi, huko inanyweka kwa kata, na ipo desturi ya kale kwamba anayekukaribisha huonja kwanza mwenyewe ndipo akupe wewe. Mgeni anaweza kuona ni adabu tu. Lakini maana yake ni nzito: mwenyeji anakuonyesha kwamba hakukuwekea kitu.

Nenda mpakani mwa Kenya na Uganda, kwa Wateso. Wao hukaa kuzunguka chungu kimoja cha pombe ya ulezi, kila mtu na mrija wake mrefu, na maji ya moto yanaongezwa kadiri pombe inavyoshuka. Mtafiti mmoja Mmarekani, Ivan Karp, aliyewachunguza Wateso wa Kenya na kuchapisha makala juu ya unywaji wao mwaka 1980, alieleza kwamba chungu kile kina adabu zake. Mrija haushikwi kwa mkono wa kushoto, na ni mwiko kupuliza mapovu ndani ya pombe ya wenzako. Naomba uushike moyoni mfano huu wa chungu na mirija, maana nitaurudia.

Hata Wazungu wanazo katiba zao. Mwaka 1938 mjini Kuala Lumpur, Malaya wakati huo ikiwa chini ya Waingereza, mhasibu mmoja aitwaye Albert Gispert na wenzake walianzisha chama cha kukimbia kilichoitwa Hash House Harriers. Mmoja hutangulia kama sungura akidondosha karatasi njiani, wengine humfuata kama mbwa wa kuwinda, na mwisho wa mbio ni bia. Gispert aliuawa Singapore mwaka 1942 wakati Wajapani wanaivamia, lakini baada ya vita chama kilifufuka. Mwaka 1950 kilipotakiwa kijisajili, kikaandika shabaha zake: kuwapa wanachama afya, kuondoa uchovu wa ulevi wa mwisho wa wiki, kutafuta kiu nzuri na kuikata kwa bia, na kuwahakikishia wanachama wazee kwamba hawajazeeka kama wanavyojidhania. Karatasi hiyo ilipelekwa serikalini na watu wenye akili timamu. Leo matawi ya chama hicho yametapakaa duniani, yakiwemo ya Nairobi na Dar es Salaam.

Utaona kwamba hawa wa Kuala Lumpur walikuwa na hekima fulani katikati ya mzaha wao. Kwao bia ilitanguliwa na kiu, na kiu ilitanguliwa na jasho. Sisi wa Kinondoni hatukukimbia popote. Sisi tulikuwa na kanuni ya tisa.

Kanuni ya tisa ilisema hivi: "Kila mwanachama atazungusha raundi moja, na hakuna kuondoka kabla raundi haijakwisha." Maneno machache, na yanaonekana ni ya ukarimu. Leo mimi nakununulia wewe na wenzako, halafu nawe unatununulia sisi, hivyo hivyo mpaka mzunguko utimie. Nani atapinga jambo jema kama hilo?

Lakini hebu tufanye hesabu, msikilizaji. Watu wawili wakizungushiana raundi, kila mmoja atakunywa chupa mbili. Wakiwa wanne, chupa nne. Wakiwa wanane, kila mmoja chupa nane, na mezani jumla ni chupa 64, yaani zaidi ya kreti mbili. Hakuna kati yetu aliyetoka nyumbani na kiu ya chupa nane. Kiu yetu ilipangwa na idadi ya viti. Angekuja mtu wa tisa, sote tungeongeza chupa moja, na tungesema tumemkaribisha.

Chupa ya nusu lita ya bia yenye kilevi cha asilimia 5 ina pombe halisi kama gramu 20. Ini la mtu mzima huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa. Kwa hiyo chupa moja ni kazi ya saa mbili au tatu. Chupa nane ni kazi ya saa 16 au zaidi. Mtu aliyeanza Ijumaa saa 12 jioni, damu yake haitakuwa safi kabla ya saa 4 asubuhi ya Jumamosi, na wengine ni mpaka alasiri. Supu ya kongoro, kahawa nzito, maji ya baridi kichwani, vyote hivyo vinaweza kukuamsha, lakini ini haliharakishwi. Na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka kikomo cha miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu ya dereva. Mzungusha raundi anakivuka kikomo hicho mapema sana, tena akiwa bado anasema Kiswahili safi.

Katika chama chetu tunaye mzee mmoja, karani mstaafu, mtu wa mwandiko mzuri. Katiba ile ni mkono wake. Sisi tunamwita Mzee Karani. Kiti chake kilikuwa daima pembeni, karibu na ndoo moja ya rangi ambayo wenye baa walipanda ua. Tulidhani anapenda upepo.

Ijumaa moja hakuja. Ya pili hakuja. Tukapata habari kwamba amelazwa, mkono na mguu wa kushoto umelegea. Tulikwenda hospitali watu saba, tumebeba machungwa. Mkewe alikuwa ameketi kitandani miguuni pake. Tukamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia. Kisha akatutazama mmoja mmoja, akauliza kwa sauti ya chini, "Wanangu, juzi ilikuwa zamu ya nani?"

Hatukumwelewa. Akatueleza. Daktari alikuwa amemkataza mzee pombe miezi mitano kabla, kwa sababu ya shinikizo la damu na sukari. Mkewe alimsihi abaki nyumbani siku za Ijumaa. Mzee akajibu kwamba amekunywa raundi za watu saba, na ni aibu mtu kukimbia zamu yake. Akija akae na soda, atazungusha bia anywe soda, wenzake wataona anawadharau, au watamwonea huruma. Yeye hakutaka yote mawili.

Msikilizaji, machungwa yale yalikuwa mazito mikononi mwetu.

Tuliporudi baa tulimweleza dada wa kaunta. Naye akashika kiuno, akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe! Mimi nilikuwa namwona anamwagia lile ua. Umeme ukikatika, au nyie mkienda kujisaidia, anainamisha glasi kwenye ndoo. Nikadhani ile bia haimpendezi." Tukaenda kulitazama ua. Lilikuwa limekauka mpaka shina.

Lile ua lilikunywa ilichoweza kunywa. Nyingine alizinywa mwenyewe, maana watu saba hawaendi kujisaidia kwa pamoja, na umeme nao siku nyingine haukatiki. Sisi tulikuwa tukimtania kila akichelewa kumaliza: "Mzee, chupa inakusubiri!" Na yeye alikuwa akicheka.

Hapo ndipo nilipoukumbuka ule mfano wa chungu cha Wateso. Mzee aliyeshika mrija wake kwenye chungu cha wote hahesabiwi amemeza kiasi gani. Anaweza kuuweka mdomoni, akavuta kidogo, akaendelea na hadithi, na heshima yake ikabaki pale pale. Sisi kila mtu ana chupa yake mbele yake, na kwa kanuni yetu ya tatu chupa tupu hazikuondoka mezani. Tulikuwa tumejitungia mahakama bila kujua, na mgonjwa ndiye aliyekuwa mshitakiwa.

Usidhani ni jambo la Kinondoni peke yake. Uingereza, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, serikali iliona kwamba desturi ya kununuliana vinywaji inawalevya wafanyakazi wa viwanda vya silaha na askari. Ikaunda bodi maalum ya kudhibiti biashara ya pombe, na mwezi Oktoba 1915 mjini London ikawa ni kosa la jinai kumnunulia mwenzako kinywaji baa, isipokuwa kama kinaambatana na chakula. Kila mtu anywe chake, alipe chake. Amri hiyo iliondoka baada ya vita, na raundi zikarudi. Kwa maneno mengine, dola iliyotawala robo ya dunia ilishindwa kuiondoa raundi, ila kwa polisi. Aibu ya kukataa ni kitu chenye nguvu sana.

Sisi hatuna polisi. Tulichokuwa nacho ni ile kalenda na kalamu. Ijumaa iliyofuata tulikaa watu saba, kila mtu na soda yake, tukajadili kanuni ya tisa. Mwenzetu mmoja, fundi wa magari, alipinga. Alisema tukiondoa raundi tutakuwa kama abiria wa daladala, kila mtu na nauli yake, hakuna udugu. Hoja yake haikuwa ya kijinga. Raundi ni ukarimu kweli. Siku za mwisho wa mwezi asiye nacho alikuwa anaonja kwa aliye nacho, na hakuna aliyemuuliza. Tukikiua kitu hicho tungekuwa tumepoteza kingine.

Tukabishana mpaka saa 4 usiku, kwa mara ya kwanza tukiwa wazima. Mwisho tukapitisha kanuni mpya yenye vifungu vinne.

Kwanza, kila mtu ataagiza anachotaka na kwa kiasi anachotaka. Pili, mwenye kutaka kukirimu atakirimu chakula: nyama, ndizi, supu, vyote vinazunguka meza nzima bila hesabu. Udugu umehamia kwenye sahani. Tatu, mwenye maji au soda ni mwanachama kamili, na atakayemuuliza sababu atalipa bili ya meza nzima usiku ule. Nne, mwenye gari anaweka funguo kaunta anapoingia, na dada ndiye mwenye uamuzi wa mwisho. Kifungu hicho cha nne dada alikidai mwenyewe, akisema kwa miaka yote hiyo yeye ndiye aliyekuwa akituangalia tukiyumba kuelekea kwenye magari, akibaki anaomba Mungu.

Na kanuni ya tatu tuliibadilisha. Sasa chupa tupu zinaondolewa mara moja, na dada anaandika. Hatuhitaji tena mashahidi wa namna ile.

Matokeo yake? Bili imeshuka karibu nusu, ingawa nyama imepanda. Fundi wa magari, aliyepinga kuliko wote, sasa hunywa chupa tatu na kuondoka. Siku moja alikiri kwamba chupa yake ya kweli tangu zamani ilikuwa ya tatu, na zile tano zilizobaki alikuwa anatunywea sisi. Wawili wengine walikiri hivyo hivyo. Tulikuwa watu wanane, kila mmoja akinywa kwa kumwogopa mwenzake.

Mzee Karani alirudi baada ya miezi minne, na fimbo. Mkono wake wa kushoto bado haufungi vizuri, lakini wa kulia uko salama, na tulimpa kalamu ainakili kanuni mpya kwa mwandiko wake. Aliisoma mara mbili. Akaagiza maji ya kunywa, makubwa. Meza ikanyamaza, kila mtu akatazama upande wake kama hakuona. Kisha mzee akasema, "Sasa niulizeni kwa nini nakunywa maji, nina njaa na bili ya leo nataka ilipwe na mtu." Tulicheka mpaka watu wa meza ya pili wakageuka. Lile ua halikupona. Dada amepanda jingine, na amelisogeza mbali na kiti chake.

Basi msikilizaji, ikiwa nawe una meza yako, iwe ya Ijumaa au ya Jumapili, sikuambii uache kwenda. Watu wanahitaji mahali pa kucheka. Nakuomba jambo moja. Utakapoketi, mtazame yule anayemaliza chupa ya mwisho kuliko wote, au anayependa kukaa karibu na maua. Usimuulize kitu. Agiza wewe mwenyewe soda ya kwanza, kwa sauti ya kusikika, ili naye apate njia.

Mpaka wiki ijayo, panapo majaliwa, kwaheri.